Karatasi kwenye Kioo cha Saluni

Hebu mwone anavyokuja, ndugu msomaji: mama wa makamo, mwendo wa pole, birika la chai mkono huu, funguo za ofisi mkono ule. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza moja, simu moja. Ni chama cha watu wenye matatizo ya ngozi, na kwa kuwa yeye ndiye anayepokea simu, wanamwita Mama Simu. Ukipiga ukaanza kulia, atakungoja umalize. Ukiuliza dawa, atakujibu, "Mimi si daktari, baba, ila namba ya daktari ninayo."

Siku hiyo simu haikulia. Mlango ndio uliobamizwa.

"Shangazi, karatasi yako imenimaliza!"

Alikuwa msusi, binti mwenye mabaka meupe mikononi. Wiki iliyopita wateja wawili walikataa kusukwa naye, na Mama Simu akampa kipeperushi ampelekee mwenye saluni. Mwenye saluni huyo ni mama mwenye roho nzuri, ila ana papara. Alikisoma, akafurahi, akakibandika kwenye kioo kikubwa na kuandika juu yake kwa kalamu nene: MSUSI WETU HAAMBUKIZI.

"Hata ambao hawakuwahi kuniangalia mikono, sasa wanaiangalia. Tangu jana sijashika kichwa. Bosi anasema kesho nihamie nyuma, nikafue taulo."

Mama Simu akashika kiuno. "Ama kweli, tumetaka kupaka wanja, tumetoboa jicho. Kosa langu, mwanangu. Nilituma karatasi badala ya kwenda mwenyewe. Twende."

Saluni walikuta wanawake watatu kwenye benchi, kila mmoja kazama kwenye simu yake.

"Umeona tangazo letu?" mwenye saluni akauliza kwa fahari.

"Nimeliona, mama. Hata kipofu angeliona."

Akalibandua taratibu, akaketi kwenye kiti cha msusi. Hapo akasita.

Kilemba chake hicho, hata chamani hakuna aliyewahi kukiona kimefunguliwa. Chini yake kuna magamba makavu, yanayokuja na kuondoka, mwaka wa kumi na moja huu. Amewaambia watu wangapi wasijifiche! Lakini mganga hajigangi, na yeye kichwa chake hukichana mwenyewe, mlango umefungwa.

Akakifungua.

"Usikaze, mwanangu," akasema, sauti imemshuka. "Mistari minne tu, ya kulalia kichwani."

Msusi akaweka vidole polepole, kama anayemgusa mtoto aliyesinzia. "Panauma hapa, shangazi?"

"Hapana. Nilisahau tu kuguswa kulivyo."

 Kwenye benchi, simu zilikuwa zimeshuka mapajani.

Msusi alipomaliza, akakung'uta kiti, akageuka. "Nani anafuata?"

Wale watatu wakatazamana. Mwenye saluni naye akawatazama wao, maana habari ya taulo ilikuwa inaamuliwa palepale.

Nawe, msomaji wangu, kama zamu ingekuwa yako, ungeinuka?