Mfuko Ulionyamazisha Simu

Kila Jumapili mama aliniuliza kama nguo yangu imekubali. Aliiita nguo, nami nilishachoka kumsahihisha. Nilikuwa natengeneza kitambaa cha kuzuia mawimbi ya simu na redio yasivuruge mashine za hospitali, zile zinazosoma mapigo ya moyo. Katika chumba nilichopanga Singida mjini, nilisaga grafiti, ule unga mweusi wa penseli, kwa blenda ya juisi, pamoja na maji na sabuni ya vyombo. Ulichambuka taratibu ukawa grafini, utando mwembamba ajabu unaopitisha umeme. Nilichovya kitambaa cha pamba humo, nikaanika, nikachovya tena. Mikono ilikuwa myeusi hivi kwamba mwenye nyumba aliacha kunipa mkono.

Kipimo changu kilikuwa rahisi. Nilishona mfuko wa tabaka nyingi, nikatia simu yangu ndani, nikaipigia kwa simu ya jirani. Ikiita, nimeshindwa. Iliita miezi na miezi, mpaka nikauchukia mlio wake.

Jumamosi moja asubuhi haikuita. Nilipiga mara tano, kimya. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaamua kuiacha humo hadi saa kumi, nione kama mfuko utaendelea kuzuia, nikaenda zangu kula kuku wa kienyeji kujipongeza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja.

Nilipoitoa simu, meseji ziliingia mfululizo. Ya mwisho ilikuwa ya dada yangu, aliyekuwa akiishi na mama kule Kinyangiri: "Mama ametutoka. Njoo."

Nilijua anaumwa kifua. Nilidhani ni vumbi la kupura uwele, nikamwambia anywe maji ya moto. Mimi, msomi wa mashine za moyo!

Msibani dada alinisimulia. Kwetu mtandao unashika juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi tu. Asubuhi ile mama alisema anataka kusikia sauti yangu. Dada akampandisha, wakipumzika kila hatua chache. Walipiga mara saba, na kila mara wakaambiwa sipatikani. Mama alikaa juani akisema, "Jaribu tena." Mwishowe akasema, "Atakuwa kazini. Mwache." Dada alipomshusha, mama hakusema neno lingine.

"Kosa ni langu, mdogo wangu," dada akasema huku analia. "Ningempandisha mapema, mtandao haujaanza kusumbua. Unisamehe."

Maneno ya kweli yalikuwa mdomoni. Watu walikuwa wanaingia kutupa pole, nami niliona aibu, niliogopa pia.

"Mtandao wa huku ndivyo ulivyo, dada," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishika mikono yangu miwili, akanishukuru.