Mbunge Bubu na Mashua ya Ragged Arm

Verna Keeping hakuwa msemaji, na katika Bunge la Kanada kule Ottawa asiyesema huhesabiwa hayupo. Wenzake walivuma kama madebe matupu, naye akikaa mstari wa nyuma kabisa, mikono yake yenye makovu ya visu vya kiwanda cha samaki ameikunja mapajani. Gazeti moja la kwao Newfoundland likambandika jina: Mbunge Bubu. Lilimchoma, tena sana. Siku hiyohiyo simu ikalia. Alikuwa Melvina, jirani yake pale kijijini Ragged Arm. Hakuwa shangazi yake wa damu, lakini kule kila bibi mtu mzima ni shangazi wa wote.

"We Verna, tulikutuma huko ukaseme au ukafume soksi?"

"Nafanya kazi, Shangazi."

"Kazi gani hiyo haina hata sauti? Paka wangu ana kelele kukushinda!"

Kazi ilikuwepo. Mbunge aliyefiwa na mama yake, Verna alimshikia nafasi yake kwenye kamati. Mbunge mgeni aliyepotea kwenye korido siku yake ya kwanza, Verna alimpa chai na kipande cha mkate wa molasi. Mama mwenye mtoto mchanga alipoitwa kuchangia mjadala, mtoto alilala begani kwa Verna. Hayo yote hayaandikwi kwenye kumbukumbu za Bunge, na anayempima mbunge kwa kumbukumbu peke yake atamkosa mtu.

Kisha serikali ikatangaza kuiondoa mashua ya uokoaji ya Ragged Arm. Nyingine ingetoka mbali, na katika maji yale ya barafu mtu hangojei. Mashua hiyo ndiyo iliyomvuta Selby, mume wa Verna, kutoka baharini akiwa amekwisha kuwa wa buluu. Leo Selby yuko jikoni analalamika chai imepoa.

Wabunge wa kawaida, wasio mawaziri, hupigiwa kura ya bahati, na jina likitoka, mwenye jina huleta hoja yake mwenyewe. La Verna likatoka. Akaleta hoja fupi: mashua ibaki. Waziri mhusika akacheka mbele ya waandishi wa habari. "Bunge likisema ibaki, itabaki," alisema, kwa kuwa alijua chama chake kina kura za kutosha kuizika.

Lucien Thériault, mnadhimu wa chama hicho tawala, chama cha Verna pia, ambaye kazi yake ni kuwachunga wabunge wapige kura kama chama kinavyotaka, akamfuata Verna mlangoni.

"Dada yangu, iondoe. Utaumbuka mbele ya nchi nzima."

"Niumbuke tu, Lucien. Mume wangu yu hai."

"Chama kinapiga hapana."

"Basi kipige."

Thériault akazunguka mistari ya mbele, akamwonya kila mtu. Mistari ya nyuma hakuigusa. Tangu lini nyuma ikaacha kufuata mbele? Mambo ya serikali yanapopigiwa kura, mawaziri husimama kwanza, wengine wakafuata kama kondoo. Lakini hoja ya mbunge wa kawaida huenda kinyume: mwenye hoja husimama wa kwanza, kisha mstari wa nyuma, na mawaziri mwisho kabisa. Thériault alilijua hilo tangu zamani, ila kwa kiburi hakulijali.

"Wanaoafiki!" Spika aliita.

Verna akasimama peke yake. Karani akataja jina lake. Kando yake Alton Gallant, mkulima wa viazi wa Kisiwa cha Prince Edward, alikuwa anatazama viatu vyake. Mkewe alipolazwa hospitali, ni Verna aliyemshikia nafasi yake kwenye kamati. Alton akavuta pumzi, akainuka.

"Alton! Kaa chini!" Thériault alifoka kwa sauti ya chini.

"Goti limekaza, bwana. Likishanyooka halikunjiki!"

Kicheko kikavuma, na ndani ya kicheko hicho yule mama wa mtoto akasimama. Kisha yule aliyepotea kwenye korido. Kisha mstari mzima, na wa mbele yake. Mawaziri waligeuza shingo wakaona watu wao wamekwisha kusimama na majina yao yamekwisha kuitwa. Upinzani nao ukaafiki.

Hoja ikapita. Verna alitoka ukumbini akilia bila aibu, na simu ikalia. Melvina na kijiji kizima walikuwa wameangalia kwenye televisheni ya ukumbi wa kanisa.

"Umesema maneno mangapi leo, mwanangu?"

"Hata moja, Shangazi. Nilisimama tu."

"Haya, nyamaza basi usikie."

Honi ya mashua ya uokoaji ikalia, ndefu, na mashua zote za wavuvi bandarini zikaijibu kama siku ya harusi. Verna akainua simu juu, korido nzima isikie.

"Makelele gani hayo?" Alton, aliyemfuata nje, aliuliza.

"Hayo?" Verna alisema huku akijifuta machozi. "Hotuba yangu."