Kupiga Stori kwa Kijerumani

Somo la michezo na hobi ndilo nililokuwa nalipenda kuliko masomo yote, na ndilo ninalolikwepa sasa. Wanafunzi wangu wa mwaka huu hawajui hilo. Wanamwona tu mwalimu analipitisha mbio mbio, kipindi kimoja, halafu huyoo, ameshaingia kwenye vyakula.

Nafundisha Kijerumani Old Korogwe, katika chumba nilichopanga nyuma ya duka la mbao. Usicheke. Wapo vijana wanaotaka kwenda kusomea kazi ya kutunza wazee, wapo mafundi umeme waliosikia kwamba huko wanahitajika, na wengine wanatoka Handeni kabisa kuja kukaa kwenye mabenchi yangu. Mimi mwenyewe nilikisoma Dar es Salaam nikitaka kuongoza watalii. Kazi ile ilinishinda, kwa sababu nina hasira za karibu, na mtalii hataki kubishiwa. Nikarudi nyumbani kufundisha. Darasani hasira hizo huishia kuwa kelele tu, na vijana wameshazizoea.

Somo lile nilikuwa nalifundisha kwa miguu na mikono. Kila pembe ya chumba niliipa neno lake: hii napenda sana, hii napenda, hii sipendi sana, hii sitaki hata kuona. Nikitaja mchezo kwa Kijerumani, kila mtu akimbilie pembe yake na aseme sentensi nzima. Halafu tulikuwa na mpira wa soksi. Anayerusha anauliza, "Was ist dein Hobby?", anayedaka anajibu kabla hajarusha kwa mwingine. Na mwisho kuigiza: mmoja anatoka mbele, hasemi neno, wenzake wanakisia. Jamani, tulicheka. Kitabu chenyewe kina picha za watu waliofunga mbao miguuni wanateleza kwenye theluji, na watu wanaokusanya stempu. Kijana mmoja wa Kang'ata alipoulizwa hobi yake akajibu bila kusita kwamba anakusanya kuni. Nikaikubali, sarufi ilikuwa sahihi.

Tatizo letu lilikuwa neno moja, piga. Sisi tunapiga kila kitu. Tunapiga gitaa, tunapiga picha, tunapiga mbizi, tunapiga danadana, tunapiga simu. Mwanafunzi akifungua kamusi ya simu anaandika "piga", anapewa schlagen, basi keshamaliza. Atakwambia analichapa gitaa, anaichapa picha. Maana schlagen ni kichapo, ni kumtwanga mtu. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mwisho nikapiga marufuku, na hapo darasa likanicheka kwa sababu hata marufuku nilikuwa nimeipiga. Tukakubaliana: atakayesema schlagen mahali pasipo na kichapo, pushapu kumi pale pale sakafuni. Dawa ilifanya kazi. Baada ya wiki chache kila kijana alikuwa na neno lake sahihi mdomoni.

Isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa mama wa makamo anayetoka Mkata. Alikuwa anauza mihogo ya kuchoma kwa abiria wa mabasi, na siku za darasa alikuwa akimwachia jirani yake jiko, anapanda basi kuja Korogwe na kanga zake mbili na daftari la mistari. Alizaliwa na kukulia kambi ya mkonge, wazazi wake walikuja huko kama vibarua kutoka mbali, naye akakulia katikati ya lugha za kila namna. Labda ndiyo maana hakuiogopa hii. Siku ya kwanza vijana wote walisimama kumpa shikamoo wakidhani amekuja kumfuata mtoto wake aliyetoroka. Akaitikia marahaba, akakaa benchi la mbele, akatoa kalamu.

Alikuwa na sababu moja tu. Binti yake wa pekee yuko Ujerumani, ameolewa huko, na amezaa mtoto wa kike ambaye Kiswahili hakijui zaidi ya "habari". Kwenye simu ya picha bibi na mjukuu walikuwa wanatazamana na kupungiana mikono, halafu basi. Mama yule aliniambia anataka kabla mtoto hajakuwa mkubwa waweze kuongea wao wawili, bila mtu katikati. Hakutaka cheti wala safari. Alitaka mtoto yule azoee sauti yake.

Vijana walimwita Oma, yaani bibi, naye alilipenda jina. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vya wengi wao. Alidaka mpira wa soksi kwa mkono mmoja na kumrushia yule anayesinzia. Ila alikuwa akisema schlagen. Alikuwa anapiga simu kwa schlagen, anapiga picha kwa schlagen. Na pushapu je? Utamwambiaje mama wa watu alale sakafuni mbele ya watoto? Kila alipokosea darasa liliguna kwa mapenzi, mimi nikatabasamu, tukaendelea. Vijana waliumia mikono, wakajifunza. Yeye tulimheshimu.

Siku moja aliniuliza hobi yake itaitwaje. Alisema yeye hachezi mpira wala haogelei, na huo Mto Pangani una mamba, nani aogelee. Yeye anapenda kupiga stori. Nikamwambia hilo lina neno lake, sich unterhalten. Alilijaribu, likamgomea mdomoni, tukalivunja vipande vipande, likatoka nusu. Akaandika daftarini, akasema atalizoea.

Jumapili moja akiwa Mkata simu ikaita, na kwenye kioo akamkuta mjukuu peke yake, mama mtu yuko jikoni. Nafasi aliyokuwa akiingoja ndiyo hiyo. Alitaka kumwambia mtoto kwamba anapenda kupiga stori na yeye. Neno refu likamtoroka. Akashika lile alilolizoea.

Alikuja kunisimulia darasani akiwa amekunja uso kidogo, akidhani ni mtandao. Mtoto alimtazama, akasema "Nein", hapana, akateremka kwenye kiti akaondoka, na simu ikabaki inaonyesha dari. Nikamwomba anirudie alichosema, neno kwa neno.

"Ich schlage dich gern," akasema, vizuri kabisa.

Napenda kukupiga. Hicho ndicho alichomwambia mtoto wa miaka sita.

Nilicheka. Nisiseme uongo, nilicheka mpaka nikashika meza, na darasa zima likacheka, na nilipomweleza yeye mwenyewe akajifunika kanga usoni akacheka nasi. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, ampigie binti yake amweleze, mtoto ataelezwa, wataicheka wote. Akaondoka jioni ile bado anacheka, na vijana wakamsindikiza mpaka barabarani wakimtania kwamba Oma ni mkali.

Kipindi kilichofuata hakuja. Kilichofuata tena alikuja, akakaa benchi la nyuma. Nilirusha mpira wa soksi ukamfikia, akaushika, akauweka kando yake. Nikajua kuna jambo. Wenzake walipotoka alibaki, akaniambia bila kuzunguka.

Alikuwa amempigia binti yake na kumweleza lile kosa, akitegemea kicheko. Binti hakucheka. Alimwambia kwamba mtoto hakulishtukia neno tu. Mtoto yule aliwahi kuuliza kovu lililo kwenye mkono wa mama yake limetoka wapi, na mama yake hakutaka kumdanganya, akamwambia, "Bibi alinipiga nilipokuwa mdogo." Kamba ya katani, kule kambini. Kwa hiyo bibi alipotokea kwenye simu akasema anapenda kupiga, kwa mtoto lile halikuwa kosa la lugha. Alikuwa anathibitishiwa.

"Nilimpiga kweli, mwalimu," akasema. "Alipoteza pesa ya unga, nikampiga. Na siku nyingine nilimpiga hata sikumbuki kwa nini."

Roho iliniuma, na kilichoniuma zaidi ni kile kicheko changu. Nilianza kusema yale tunayoyasema wote, kwamba enzi zile kila mtoto alichapwa, kwamba hata mimi nilichapwa na nipo. Akaniachia niongee mpaka nikachoka. Halafu akafungua daftari. Alitaka nimfundishe kusema: nilimpiga mama yako, wewe sitakupiga. Nikamwambia wakati uliopita bado hatujaufikia. Akasema basi tuufikie leo.

Nikamwandikia. Ich habe deine Mutter geschlagen. Dich schlage ich nicht. Akauliza na radhi inaombwaje. Nikamwambia yapo maneno kadhaa, na moja wanasema es tut mir leid, ambalo ukilifumua ni kama kusema inaniuma. Akasema hilo hilo. Wiki mbili tulifanya mazoezi baada ya darasa, mimi na yeye tu. Nilijaribu kumrushia mpira wa soksi kama kawaida yetu ili maneno yatoke bila kufikiri, lakini alikataa. Alitaka kuyasema akiwa amekaa. Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyetamka "geschlagen" sawasawa kama yule, na sikulifurahia hata kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Aliniomba nikae karibu yake, maneno yasije yakamtoroka tena. Fundi wa duka la mbao alikuwa anakata mbao mbele, nikaenda kumwomba asimamishe mashine kidogo, akasimamisha. Simu ikaita, binti akatokea kwenye kioo. Mara ya kwanza mimi kumwona. Alimwamkia mama yake, akaniamkia na mimi. Mama akamwomba amwite mtoto. Binti akageuza uso, akaongea na mtu pembeni, akasubiri, akarudi. Akasema yupo hapa hapa amekaa, ila hataki. Hakusema kwa ubaya.

Mama akanitazama. Akaninong'oneza, "Na kama nikimwambia binti yangu mwenyewe?"

Kwa jinsi nilivyozoea ualimu, nilichofikiria ni sarufi. Nikamwambia aondoe deine Mutter, mama yako, aweke dich, wewe.

Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ich habe dich geschlagen," akasema. "Es tut mir leid."

Nilidhani picha imeganda, lakini pembeni niliona mkono mdogo unavuta shati la binti, basi haikuganda. Ndipo akaongea, kwa Kijerumani, pole pole, kama mtu asiyeitumaini sauti yake. Mama alishika neno moja tu la mwisho, Swahili. Akanigeukia anisaidie.

Ningeweza kumtafsiria kitu kingine. Ningeweza kusema, amesema ahsante. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda, na sijui kama lingekuwa jema. Nilitafsiri nilichokisikia.

"Anauliza, kwa nini humwambii hivyo kwa Kiswahili."

Mama akairudia simu. Akafungua mdomo. Hapo alihitaji neno moja, na lugha ni yake, aliyomlelea huyo huyo binti. Na mimi nilikuwa ubavuni pake, mwalimu mzima niliyekuwa nikimnong'oneza maneno ya wageni tangu mwanzo. Ningemnong'oneza na hilo moja. Sikumnong'oneza. Niliona haya. Kwetu mzazi haombi radhi kwa mwanawe, na mimi ni nani niwe wa kwanza kumfundisha mama wa watu. Nikatazama chini, nikamheshimu kama siku zote.

Binti alisubiri. Kwa kweli alisubiri, uso umesogea karibu kabisa na kioo.

"Umekula?" mama akamuuliza.

Binti akafuta pua kwa kiganja, akarudi nyuma kidogo kwenye kiti chake.

"Nimekula, mama," akasema, na wakaanza kuongea habari za mvua.