Siku Nta Ilipowaka Stesheni ya Bahi

Enzi za Mjerumani, reli ilipokwisha kupita kwetu Bahi, mume wangu alipata kazi ya kukaza breki kwenye mabehewa ya nyuma. Mimi kazi ile sikuipenda hata chembe. Kila aliporudi nilimsakama aache tukalime uwele, mpaka akaniahidi: mvua zikianza tu, anaacha.

Nilichokiogopa ni lile tumbo la moto la gari moshi kule mbele. Akanicheka. "Moto ule umefungiwa, mke wangu. Wa kuogopa ni gurudumu lililokaukiwa mafuta. Chuma kikisagana na chuma mwendo wote, kinawaka." Nikamwambia akawadanganye wageni. Chuma kiwake!

Basi mchana mmoja wa kiangazi, wanawake tunapita stesheni na vibuyu vya maji, gari moshi likaingia kutoka mteremko wa Saranda. Gurudumu la behewa la mwisho lilikuwa jekundu, jekundu kweli, na mbao za juu yake zinaungua. Ndani mlikuwa na nta ya Unyamwezi. Ikayeyuka, ikachuruzika hadi kwenye reli huku inawaka, moto unatiririka kama maji. Stesheni nzima ikanukia mzinga wa nyuki. Jamani! Sijapata kuona kitu cha kutisha na kizuri namna ile.

Na mume wangu yuko pale pale, kati ya behewa lile na jingine lililojaa watu, anahangaika kufungua mnyororo ayatenganishe. "Ruka!" nikapiga kelele. Wapi! Nikaumwagia moto maji yangu yote, maji tuliyoyachimba mchangani tangu alfajiri. Loo! Moto ukapanda hadi juu ya paa la behewa, nusura unile uso.

"Si maji!" akafoka. "Mchanga! Leteni mchanga!"

Tukapiga magoti, tukauzika ule moto kwa mikono na kwa kaniki zetu. Mnyororo ukafunguka, behewa la watu likavutwa mbele, wote wazima.

Aliteremka nyusi zimeungua, viganja vimebabuka. Nikamng'ang'ania nikilia kwa hasira. Nilitaka kumwambia asingoje mvua yoyote, aache leo leo. Lakini yeye alikuwa anatetemeka na kucheka.

"Umeona?" akaniuliza. "Umeona chuma kinavyowaka?"

Macho yale nilikuwa nimeyaona mara moja tu, siku mtoto wetu alipozaliwa. Nikalimeza neno langu, nikalia upya, maana nilijua huyu haachi tena.