Nimeharibu kipimo cha macho kwa kuitikia shikamoo

Jamani, leo huku Cheyo nimechekwa!

Kuna watafiti kliniki wanapima watu wenye macho mazima, unene wa kile kioo cha mbele ya jicho lenyewe, konea. Eti katikati chembamba, pembeni kinene, ndivyo tulivyo wote.

Kidevu kwenye mashine, usitikisike.

Mara nyuma yangu: "Shikamoo mama."

Sauti ya Neema wangu kabisa! Nikageuka mbio. "Marahaba mwanangu!"

Kumbe binti wa watu, kaja kupimwa.

Mpimaji akacheka, "Mama, tunaanza upya."

Wapi! Machozi yananitoka, mashine haisomi. Akaniambia nirudi kesho.

Neema yuko Mwanza, mwaka wa pili sijamwona. Ni meseji tu.

Ni mimi peke yangu, au nanyi yanawakuta?

Neema, ukiona hapa usiandike. Piga simu, mama akusikie.