Saba Yenye Mkia Mrefu

Sisi tuliocheza rede kwenye baridi ya Njombe, sweta zimetoboka viwiko, maduka yakianza kujaa tena baada ya miaka ya foleni za sabuni, tunaikumbuka shilingi ya mwenge. Baba yangu, fundi seremala, aliweka kwenye kopo la maziwa shilingi moja kwa kila mtoto, ya mwaka aliozaliwa. Kila Krismasi, kabla ya kula, alimkabidhi kila mtu yake aishike, akatuombea.

"Ona saba ya mwisho kwenye mwaka," aliniambia kuhusu yangu. "Mkia umegusa ukingo. Nyingine za mwaka huo zina mkia mfupi. Hii ndiyo wewe."

Nami, mjinga wa miaka tisa, nikaichukua siku shangazi aliponipeleka Makambako, nikanunulia pipi za kigeni dukani kwa Mzee Salumu. Zilikuwa tamu mpaka tulipofika nyumbani. Nikatafuta shilingi ya mwaka uleule, ya mkia mfupi, nikaitia koponi. Lakini Krismasi ilikuwa inakaribia, na Baba angeniombea mimi huku nimeshika mtoto wa watu.

Shangazi alipokwenda tena kuuza viazi, nilimganda mpaka akanichukua, ile shilingi ya mkia mfupi ikiwa mfukoni. Nilimwamkia Mzee Salumu, nikamweleza yote huku nalia. Akamwaga droo yake kaunta nzima.

"Tafuta, mwanangu. Siku hizi watu wanataka noti tu."

Nilizitenga kwanza kwa mwaka, kisha kwa mkia. Mfupi. Mfupi. Mfupi tena. Kamasi zilinishuka. Zikiwa zimebaki tatu, nikaiona saba iliyogusa ukingo. Tukabadilishana. Nimeshazaa mara tatu na kila mara nikashukuru Mungu, lakini sijawahi kupumua vile.

Krismasi Baba aliichukua, akapitisha kucha kwenye ule mkia, akanitazama.

"Imerudi," alisema, akaanza kuomba.

Kumbe alijua siku zote, na hakunigusa hata kwa fimbo.

Wanangu hela yao iko kwenye simu, na ikipotea wanapiga namba ya huduma, wanajibiwa na mashine. Wananicheka nikiinamia chenji na miwani. Kopo sasa ninalo mimi, na Baba namkumbuka sana. Juzi kitinda mimba wangu aliokota shilingi yangu humo, akauliza inanunua nini.

Nikamwambia hainunui kitu. Ilinunua pipi mara moja, ikatosha.