Mlinzi Aliyekuwa Zamu

Dorkasi Emilian hupanga safari za baharini katika mji usio na bahari. Ofisi yake iko Karatu, juu ya duka la vipuri vya Land Cruiser, na dirisha lake linaelekea barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Asubuhi nyingi za kipupwe dirisha hilo halionyeshi kitu. Ukungu hushuka kutoka msituni ukameza hata kibao cha gereji ya jirani. Humo ndani ya ukungu, kitenge kikiwa juu ya sweta, Dorkasi huwatafutia watu jua.

Hupanga Unguja, Pemba, Mafia, Pangani, Kilwa. Hujua nani atampokea mgeni bandarini, nani atamtembeza Mji Mkongwe bila kumburuta dukani kwa shemeji yake, na chumba kipi hakilaliki kwa kelele za jenereta. Alianza kwa kufua mashuka katika loji moja. Kule aliwasikia wageni waliotoka kreta wakiulizana habari za bahari, akajiuliza kwa nini swali hilo liwe la wageni peke yao. Leo amewapeleka pwani walimu, kwaya nzima ya usharika, na mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola aliyetaka fungate. Ndiyo maana namwandika. Tumelelewa tuamini kwamba uzuri wa nchi hii una watazamaji na una watumishi, na kwamba sisi tumezaliwa upande wa pili. Dorkasi hakuamini hivyo hata siku moja.

Jambo moja hafanyi: haingii majini. Bibi yake kule Kansay alimfundisha, kama Wairaqw wengi walivyofundishwa, kwamba chemchemi ina wenyewe, pepo wa maji wanaoitwa netlangw, na kwamba jua la utosi likiwaka mtu hasogei hapo peke yake. Dorkasi ni Mkristo, anaimba sauti ya pili kanisani. Hata hivyo, akifika ufukweni husimama pale mchanga mkavu unapoishia.

Nareyu alimjia mwezi wa sita, ukungu ukiwa umekaa hadi ngazini. Ni mjane wa Kimasai kutoka Endulen, anayeuza shanga karibu na lango la kreta, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha haraka na hakina aibu. Alisema anataka safari ya peke yake, yenye wa kumpokea na wa kumwongoza, kama zile za Wazungu. Mwanawe Tobiko alikuwa mlinzi wa hoteli mashariki mwa Unguja, na tangu masika yaanze hajasikia neno lake.

"Nyie Wambulu mnaogopa hata kisima," Nareyu alimtania Dorkasi, kwa jina ambalo wengi huwaita Wairaqw. "Sasa baharini utanipelekaje?"

"Nakufikisha mchangani, yeyo," Dorkasi akajibu, akimwita mama kwa lugha yake. "Kuoga utaoga mwenyewe."

Walicheka wote wawili. Kisha Nareyu akatoa simu yake na kusema kwamba kuna kitu anataka mtu mwingine akisikie, asije akawa anaota. Akapiga namba ya mwanawe, akafungua spika.

Simu iliita, ikapokelewa. Nareyu akamwita mwanawe kwa jina. Kilichokuja ni sauti ya maji yakivuta na kuachia, yakivuta na kuachia, na ndani yake pumzi ya mtu. Katika chumba kile cha baridi, mbali kabisa na pwani, bahari ilijaa hadi darini. Baadaye simu ikakatwa, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nareyu akasema huwa hivyo kila akipiga.

Dorkasi aliahidi kuuliza kabla ya kupanga lolote. Alipiga mapokezi ya hoteli ile, na msichana wa huko akamjibu kwa furaha kwamba Tobiko yupo, yuko zamu ya asubuhi getini, wageni wanampenda na kumsifia mtandaoni. Namwona hapa dirishani, alisema. Dorkasi akaomba aitwe. Msichana alikwenda, akarudi sauti ikiwa imepoa: mlinzi amekataa kuja, anasema simu hiyo si yake.

Kupitia kiongozi wake wa Unguja, Dorkasi alipata namba za walinzi wawili wa hoteli za jirani, Wamasai wote. Wa kwanza alikata mara tu aliposikia ni nani anayeulizwa. Wa pili alimwambia kwa upole, "Dada, usiliseme hilo jina," naye akakata.

Mtu wa kazi nyingine labda angeingiwa na shaka. Dorkasi amewaona vijana wengi waliokwenda pwani. Wanajiita Jonson, wanajiita Leo, wanaishi na mwanamke wa Ulaya mwenye umri wa mama zao, na wanaona haya kuongea na nyumbani. Akaunganisha yote: kijana yupo, amebadili jina, anaona aibu, na wenzake wanamficha. Nareyu aliporudi, Dorkasi alimpa habari hiyo kama zawadi. Nareyu alifumba macho akashukuru kwa Kimasai. Na Dorkasi, akitaka kuizidisha ile furaha, akaongeza kwamba rafiki zake wanampenda mno, hata jina lake hawataki litajwe.

Mkono wa Nareyu, uliokuwa ukichezea shanga, ulisimama.

"Walisema hivyo? Lisitajwe?"

"Ndiyo, yeyo. Wanamkinga."

"Waliosema ni Wamasai?"

"Wote wawili."

Dorkasi hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa Wamasai wanaoshika mila, aliyekufa haitwi tena. Jina lake hulazwa pamoja naye. Watu husema yule, au mtoto wa fulani, na atakayelitaja mbele ya mama yake ni kama amemfukua marehemu.

Nareyu alipiga ile namba kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakaja, na pumzi ikaja. Safari hii hakuita. Alisema kwa Kiswahili, ili Dorkasi awe shahidi:

"Wewe unayenisikiliza. Nitajie jina la mwanangu. Litaje tu, nami nitarudi kwa ng'ombe wangu."

Bahari ilivuta, ikaachia.

"Yeyo," sauti ya kijana ikasema, "nisamehe. Siwezi."

Aliitwa Koinet, mlinzi wa hoteli ile ile, wa rika moja na mwana wa Nareyu. Alieleza kwa shida. Kiboti cha plastiki cha wageni kilikuwa kimekatika kamba, na meneja akamtuma mlinzi aliyekuwa karibu akakirudishe. Alimtuma mtu aliyekulia Endulen, ambako maji ni ya kunywa na kunyweshea mifugo! Alizama. Wanakijiji walimwokota wakamzika kwa heshima. Hoteli iliahidi kuwaarifu ndugu, isifanye hivyo. Koinet alibaki na simu ya marehemu. Habari kama ile hupelekwa uso kwa uso, naye alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda Endulen na kunyimwa. Kuacha simu ya mama iite bure aliona ni ukatili. Kusema hakuweza. Basi akawa anaipokea na kusimama nayo ufukweni.

Dorkasi alikuwa analia. Nareyu hakulia.

"Na yule anayeonekana dirishani," aliuliza, "ni nani?"

Koinet alikata simu. Dorkasi akapiga mapokezi. Msichana yule yule akasema Tobiko yupo. Amesimama pale pale.

Dorkasi alitaka kuifuta safari. Akasema atakwenda yeye, atauliza, ataleta jibu. Nareyu alitikisa kichwa.

"Nipeleke. Nataka kumwona huyo."

Walifika hotelini Unguja asubuhi, wageni wakiwa bado kwenye kifungua kinywa. Njia ya mchanga ilikuwa tupu na nyeupe hadi kuumiza macho. Mwishoni mwake alisimama kijana mrefu wa shuka jekundu, uzito wake juu ya mguu mmoja, rungu mkononi. Nareyu alisimama ghafla. Dorkasi, aliyemjua Tobiko kwa picha ya simu tu, anasema hata yeye angeapa kwamba ndiye. Walisogea. Kifuani pa kijana palikuwa na beji nyeupe, na juu yake TOBIKO.

Alipomwona mwanamke mzee wa kwao aliinamisha kichwa aguswe, kama kijana yeyote aliyelelewa. Mkono wa Nareyu ulipanda, ukabaki hewani. Hapo Dorkasi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa chemchemi ya bibi yake.

Mkono ukashuka juu ya nywele.

"Ana joto," alisema Nareyu, kana kwamba anamjibu mtu. Kisha akamuuliza, "Wewe ni wa nani?"

Alikuwa wa Loliondo, na jina lake Tajewo. Beji alipewa siku aliyoanza kazi, na wafanyakazi wapya wakamjua kwa jina hilo. Wageni huja wakimuulizia Tobiko waliyemsoma mtandaoni, na meneja alisema hakuna haja ya kutengeneza nyingine, Wamasai wote sura moja. Ndivyo wanavyotuona, alisema, shuka na rungu, na ndani ya shuka aingie yeyote. Walinzi wenzake hawakumwambia kitu, kwa kuwa kumwambia kungewalazimu kulitaja jina la marehemu. Walipishana naye bila kumwangalia, walikula bila kumwita. Yeye alidhani wanamtenga kwa kuwa ametoka Loliondo. Usiku mwingine, alisema, alijigusa uso ahakikishe kwamba yupo.

"Umemvaa mwanangu," Nareyu alimwambia.

Tajewo alielewa. Hakuthubutu kuigusa beji. Nareyu aliibandua mwenyewe, taratibu, asichane shuka, akaifumbata.

Meneja alitoka akitabasamu, akasema kwa adabu kwamba ile ni mali ya hoteli. Dorkasi alijiweka kati yao. Alimwambia kwamba mama huyu ameletwa aonyeshwe kaburi, na kwamba yeye Dorkasi atasimama hapo getini na kumweleza kila mgeni anayetoka ni nani amelala humo na alitumwa na nani majini. Meneja alianza maneno ya pole, na ya utaratibu.

Nareyu hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama kijana.

"Tajewo," aliita.

Kijana aliitika kwa sauti ndogo.

"Tajewo," aliita tena, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya korongo. Koinet na walinzi wengine walitokea nyuma ya jengo, wakasimama, na kwa mara ya kwanza wakamtazama usoni.

"Naam, yeyo," alijibu, na sauti yake ikafika hadi majini.